Amri zilizofungwa ndani ya Bitcoin tangu 2010: wanaotaka zifunguliwe, wanaozikataa, na sababu ya mfanyabiashara wa Kilo kufuatilia

Kwa mtu anayenunua dhahabu Kilo au Mongbwalu na kuipeleka Bunia, hesabu ya kwanza ni ya barabara. Bei ya grama anaweza kuipata asubuhi kwa simu. Asichoweza kukipata ni jina la atakayemsimamisha njiani. Tangu mapigano yaliporudi katika teritware ya Djugu mwishoni mwa 2017, hata baada ya Ituri kuwekwa chini ya état de siège mwezi Mei 2021, kubeba noti mfukoni kwenye barabara hiyo kumekuwa kucheza na roho.

Ndiyo maana pesa nyingi imehamia ndani ya simu: M-Pesa, Airtel Money, Orange Money. Wapo pia wanaoweka sehemu ya akiba yao katika sarafu za kidijitali, hasa wenye kuagiza bidhaa nje ya nchi. Yaliyotokea Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025 yaliwasukuma wengine kufikiri upya. M23 walipoiteka miji hiyo, benki zilifungwa, na mtu mwenye dola zake halali kwenye akaunti akajikuta anakopa unga kwa jirani.

Lakini simu nayo ina udhaifu wake. Mwenye bunduki hana haja ya kujua kompyuta. Anahitaji kidole chako au namba yako ya siri, basi. Kwa mobile money unaweza angalau kukimbilia ofisi ya kampuni na kuomba akaunti ifungwe. Bitcoin haina ofisi. Ukishatuma, malipo yakaingia katika bloku ambayo hutengenezwa kila baada ya dakika 10 hivi, hakuna wa kumpigia simu, na hakuna hakimu wa Bunia wala wa Kinshasa anayeweza kuyarudisha.

Hapo ndipo ubishi unaoendelea kati ya waandishi wa programu za Bitcoin, wengi wao wakikaa Marekani, Ulaya na Australia, unapomgusa mtu wa Kilo. Kuna namna ya kuijengea pesa hiyo kasiki yenye mlango unaofunguka polepole, ili mwenye mali apate muda wa kuufunga tena. Moja ya vifaa vya kuijengea ilikuwamo ndani ya Bitcoin tangu ilipozaliwa. Ilizimwa mwezi Agosti 2010, na hadi leo haijawashwa.

Kwanza tueleweshane kuhusu kufuli. Watu hufikiri bitcoin ni faili iliyo ndani ya simu. Sivyo. Ni maandishi katika daftari moja kubwa ambalo maelfu ya kompyuta duniani wana nakala yake, na kila kiasi kilichoandikwa humo kimewekewa kufuli. Kufuli hilo limeandikwa kwa lugha ndogo ya kompyuta inayoitwa Skripti, yenye amri fupi fupi. Kufuli la kawaida linasema hivi: alete sahihi iliyotengenezwa kwa ufunguo fulani wa siri, ndipo pesa itoke. Simu yako kazi yake ni kuutunza ufunguo huo.

Satoshi Nakamoto, yule mtu au kundi la watu ambalo sura yake haijaonekana hadi leo, alipoutoa mtandao huo Januari 2009 aliweka amri nyingi kuliko zilizohitajika kwa malipo ya kila siku. Zilikuwamo za kuzidisha na kugawanya namba, za kukata maneno vipande, za kulinganisha tarakimu. Mojawapo iliitwa OP_CAT. Kazi yake ni nyepesi mno hata inachekesha kwamba imeleta ugomvi wa miaka: inachukua vipande viwili na kuviunganisha. Mpe “Bu” na “nia”, atakurudishia “Bunia”.

Hatari yake ilikuwa katika kurudia. Chukua herufi moja, itolee nakala, unganisha: umepata mbili. Toa nakala tena, unganisha tena: nne. Kisha nane, kumi na sita. Ukirudia mara 30 umefika zaidi ya miliari moja ya herufi. Mara 40 ni zaidi ya miliari 1,000. Mtu mmoja mwenye nia mbaya angeweza kuandika kufuli lenye mistari michache tu, na kila kompyuta ya mtandao iliyojaribu kulisoma ingejaza kumbukumbu yake na kuanguka. Amri nyingine, LSHIFT, ilikuwa na kasoro iliyoweza kuangusha kompyuta moja kwa moja.

Majira yale ya 2010 yalikuwa mabaya kwa Bitcoin. Kati ya Julai na Agosti yalifichuka makosa mazito mfululizo. Moja lingemruhusu mtu yeyote kutumia pesa za mwingine bila ufunguo. Aliyeligundua, aliyejulikana kwa jina la ArtForz, alimjulisha Satoshi badala ya kujinufaisha. Halafu tarehe 15 Agosti, katika bloku ya 74,638, mtu alitumia kosa la hesabu na kujitengenezea zaidi ya bitcoin miliari 184, katika mfumo ulioahidi kwamba hazitazidi milioni 21 milele. Katika saa chache programu ilirekebishwa na bloku ile ikatupwa. Mwezi huohuo Satoshi alizima amri 15 kwa mpigo: CAT, LSHIFT, za kuzidisha, za kugawanya, za kukata maneno na wenzake. Hakukuwa na kikao wala kura. Desemba ya mwaka huo aliacha kuandika hadharani.

Kuzima kulikuwa sahihi, na sijasoma mtu mwenye akili timamu anayebisha hilo. Nyumba ikishika moto hukai kuchagua chumba cha kumwagia maji. Tatizo ni kwamba moto ulizimika, na mvunja mlango hakurudi kuutengeneza.

Watu wa Kilo-Moto wanaijua hali hii kwa njia yao. Migodi ya Kilo ilifunguliwa mwaka 1905 wakati wa Leopold, ikawa kampuni mwaka 1926, ikawa OKIMO mwaka 1966, na leo ni SOKIMO. Mashimo ya chini ya ardhi yaliposimama kazi, wachimbaji wa mikono waliyaingia tena, na waliojua kazi waliingia na miti ya kushikilia paa. Palipokosekana nidhamu hiyo, tunajua yaliyotokea. Ripoti ya Human Rights Watch ya 2005 inaeleza jinsi mgodi wa Gorumbwa, huko Durba upande wa Watsa, ulivyoharibiwa kwa namna ya kuchimba iliyosimamiwa na wanajeshi wa Uganda wakati wa vita, ukaporomoka na kuua watu wapatao mia moja waliokuwa ndani. Katika shimo la zamani dhahabu inabaki hata kama mlango umezibwa. Anayetaka kurudi ndani huulizwa kwanza ameleta miti gani.

Miti ya Bitcoin imekwisha kuletwa, na hiyo ndiyo hoja ya wanaotaka CAT irudi. Leo kipande chochote ndani ya Skripti hakiruhusiwi kupita baiti 520. Kwa kikomo hicho ile hila ya kurudia inakufa mapema: mara ya tisa unafika 512, mara ya kumi unakataliwa. Mwezi Oktoba 2023 Ethan Heilman na Armin Sabouri walitoa pendekezo rasmi la kuirudisha, na mwaka 2024 likapewa namba: BIP 347. Linatumia mlango uliofunguliwa na badiliko lililoitwa Taproot, lililoanza kazi Novemba 2021. Taproot ilitenga namba za amri ambazo programu za leo huziacha zipite bila swali, ili siku za mbele zipewe kazi halisi. Programu mpya ikiongeza sharti juu ya namba hizo, programu ya zamani haioni kosa, na mtandao haupasuki vipande viwili. CAT ingerudi katika nafasi yake ileile ya 2010, namba 126.

Mwingine amekwenda mbali zaidi. Rusty Russell, Mwaustralia aliyefanya kazi ya miaka mingi katika Linux na baadaye katika mtandao wa Lightning, alianza mwaka 2024 kutetea kurudishwa kwa karibu amri zote zilizozimwa. Sharti lake ni kwamba kila kufuli lipewe bajeti ya kazi. Ukubwa wa malipo unaotaka yakaguliwe ndio unaoamua jasho ambalo kompyuta ya mwenzako italitoa kwa ajili yako. Bajeti ikiisha, malipo yanakataliwa. Mimi binafsi naona wazo hili lina mantiki kuliko kikomo cha baiti 520. Kikomo hicho kinapima urefu wa kamba, bajeti inapima uzito wa mzigo.

Na si kweli kwamba jambo hili halijawahi kujaribiwa na pesa halisi. Bitcoin Cash, iliyojitenga na Bitcoin tarehe 1 Agosti 2017, iliziwasha tena baadhi ya amri hizo, CAT ikiwemo, tarehe 15 Mei 2018. Amri ya zamani ya kukata maneno haikurudi kama ilivyokuwa. Iliwekwa mpya iitwayo SPLIT mahali pake. Kuzidisha kulirudi Mei 2022. Mei 2025 mtandao huo ulibadilisha vikomo vyake na kuanza kupima kazi ya kompyuta, karibu na anavyotaka Russell. Fractal Bitcoin, uliozinduliwa Septemba 2024, ulianza na CAT ikiwa wazi. Mitandao hii haikuangushwa na CAT. Lakini tusijidanganye: mwizi hapotezi muda kuvunja kibanda wakati duka la jumla liko mtaa wa pili. Thamani iliyolala ndani ya Bitcoin yenyewe ni kubwa mara nyingi kuliko ya hao wote, na hiyo ndiyo sababu watunzaji wake ni wagumu kama mawe.

Turudi kwenye kasiki. Kuunganisha maneno kunaletaje usalama barabarani? Kufuli la leo lina upofu mmoja: linajua nani anafungua, halijui pesa inakwenda wapi. Mwaka 2021 Andrew Poelstra alionyesha kwamba CAT ikiwepo, pamoja na aina ya sahihi iliyoletwa na Taproot, kufuli linaweza kuunganisha vipande vya malipo lenyewe na kuhakikisha vinalingana na sahihi. Yaani linaanza kuona. Likiona, unaweza kuliamuru: pesa hii isiende popote isipokuwa pale nilipotaja.

Tuseme mama mmoja ananunua dhahabu kwa wachimbaji wa Kilo na kuiuza katika komptware ya Bunia. Akiba yake ameiweka katika kufuli la namna hiyo. Ufunguo wa simu yake unaweza kufanya jambo moja tu: kuomba. Akiomba, pesa inahamia sebuleni, na hapo inakaa bloku 144, sawa na siku moja hivi. Ndani ya siku hiyo ufunguo wa pili, ulioko kwa dada yake Kampala, unaweza kuirudisha chumbani, au kuipeleka mahali pengine palipoandikwa tangu mwanzo. Siku ikipita bila mtu kuigusa, inatoka. Majambazi wakimsimamisha njiani, anawapa simu na namba ya siri bila ubishi. Wanaomba. Dada yake, ambaye simu yake imewekwa ilie kila pesa inaposogea, anairudisha. Walichopata ni simu.

Utauliza: na wakimshika mama huyo mateka siku nzima? Swali zuri, na hakuna kompyuta inayolijibu. Utekaji wa kudai fidia uko katika mashariki yetu, na kasiki ya polepole inaweza hata kumrefushia mtu mateso. Lakini uporaji wa barabarani ni wa dakika kumi, wanaoufanya wanataka kuondoka kabla doria haijafika. Mtu anayejua hatari ya njia yake atapima mwenyewe.

Wapinzani nao wana hoja, na sehemu yake ni nzito. Ya kwanza: kufuli linaloona linaweza kuagizwa lijirudie lenyewe milele, pesa ikitoka mkono hadi mkono na masharti yake shingoni. Wanaogopa siku serikali itakapoyaambia masoko ya sarafu yatoe tu pesa yenye kamba. Watetezi wanajibu kwamba serikali inayotaka hilo inaweza kulifanya leo kwa kudai kila malipo yawe na sahihi mbili, moja ikiwa yake. Jibu hilo lina ukweli, ingawa mtu aliyeishi katika nchi yenye vizuizi kila kilomita chache ana haki ya kutofurahishwa na kamba mpya. Ya pili ni kwamba amri nyingi huzaa mikataba tata, na mikataba tata huwapa wachimbaji wakubwa nafasi ya kupanga malipo kwa faida yao, kama ilivyoonekana Ethereum. Ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi: CAT ni kisu cha kazi zote, na hakuna anayeweza kuorodhesha kila kitu kitakachokatwa nacho. Ndiyo sababu wengine wanapendelea kifaa chembamba, kama BIP 119 ya Jeremy Rubin, ambacho kinaruhusu masharti machache yanayojulikana tangu mwanzo.

Mwamuzi ni nani basi? Hakuna bunge. Kwa Taproot utaratibu ulikuwa huu: wachimbaji walitia alama katika bloku zao, na katika kipindi cha bloku 2,016 asilimia 90 zilipokuwa na alama hiyo, mwezi Juni 2021, badiliko likapita. Neno “wachimbaji” hapa halihusu sururu na karai. Ni mashine zinazokula umeme mchana na usiku, na mashariki ya Kongo tunazo. Hifadhi ya Virunga, chini ya mkurugenzi wake Emmanuel de Merode, ilianza mwaka 2020 kuchimba bitcoin kwa umeme wa maji wa Luviro, Kivu ya Kaskazini, wakati corona na mashambulizi vilipokata mapato ya watalii. Mashine za namna hiyo kwa kawaida hujiunga na kundi kubwa, na mwenye kundi ndiye anayetia alama. Mwenye mashine asiyependa alama hiyo anaweza kuhamia kundi lingine.

Nguvu nyingine iko kwa wenye nodi, yaani kompyuta zinazotunza daftari zima na kukataa bloku inayovunja sheria. Nodi haihitaji ruhusa ya mtu. Inahitaji kompyuta ya kawaida, diski ya terabaiti moja, intaneti na umeme. Bunia vitu viwili vya kwanza vinauzwa dukani. Viwili vya mwisho, kila mmoja anajua anavyovipata.

Hadi sasa CAT haijawashwa katika mtandao mkuu wa Bitcoin. Inafanya kazi katika mtandao wa majaribio uitwao signet, ambako sarafu hazina thamani na mwanafunzi wa informatiki anaweza kuvunja kila kitu bila kumliza mtu. Hakuna tarehe iliyowekwa. Taproot ilichukua karibu miaka minne tangu Gregory Maxwell alipoitaja mara ya kwanza, Januari 2018, na hiyo ilikuwa na wapinzani wachache.

Mfanyabiashara asiyeweza kusubiri ana vifaa viwili vilivyo wazi tayari. Cha kwanza ni kufuli la funguo tatu ambalo linahitaji mbili ili kufunguka: mmoja unao Bunia, mwingine uko kwa ndugu Kisangani, wa tatu ng'ambo ya mpaka. Simu moja ikiporwa haitoshi, na ufunguo mmoja ukipotea mali haipotei. Cha pili ni kufuli la muda, lililoingizwa katika Bitcoin mwaka 2015 na kuongezewa mwaka 2016, linalozuia pesa isitoke kabla ya tarehe au idadi ya bloku uliyochagua. Halina mlango wa kuirudisha pesa chumbani kama kasiki ya CAT, na ukikosea tarehe utasubiri kama mtu mwingine yeyote. Maneno 12 au 24 ya kufufulia ufunguo, yale simu inayokuambia uyaandike kwenye karatasi, yasikae nyumba moja na simu hiyo. Na karatasi, kwa mtu ambaye amewahi kukimbia kijiji usiku, si mahali pazuri sana pa kuandikia. Wapo wanaoyagonga kwenye kipande cha bati.